Msiwanyang'anye Watoto Hadithi

Ndugu wasomaji, yako maneno yasemwayo mara nyingi katika makanisa yetu, nasi twaona imepasa kuyajibu. Husemwa ya kwamba Mkristo hana haja na hadithi za mambo yasiyokuwako. Ya kwamba mnyama asemaye ni uongo, na kitabu chenye mchawi ndani yake ni kitabu cha uchawi. Na ya kwamba mtoto aliyekwisha kujua kusoma apewe Biblia, na hesabu, na kitabu cha kilimo, basi, imetosha. Mtoto akikutwa na kitabu cha hadithi za ajabu hunyang'anywa, naye hufundishwa kuona haya kwa ajili ya jambo lililomfurahisha. Sisi twasema ya kwamba maneno hayo si ya kweli, tena yanawadhuru watoto. Sababu zetu ni hizi. Kila mtu na azipime mwenyewe.

Tusibishane juu ya vitabu vyote kwa pamoja, maana viko vizuri na viko vibaya, kama samaki katika juya. Tuchukue vitabu vya mtu mmoja ambavyo mara nyingi hushitakiwa, yaani vile saba vya nchi ya Narnia, alivyoviandika C. S. Lewis. Cha kwanza kilitoka mwaka 1950, na cha saba mwaka 1956, kimoja kila mwaka. Vimefasiriwa katika lugha zaidi ya 40, na watu waliovisoma utotoni wamekwisha kuwasomea wajukuu wao.

Kwa wasiovijua twaeleza kwa ufupi kile cha kwanza. Watoto wanne wa Uingereza, ndugu wa tumbo moja, wanaondolewa London wakati wa vita kwa sababu ya mabomu, wanapelekwa shamba katika nyumba kubwa ya mzee mmoja. Lucy, aliye mdogo kuliko wote, anaingia katika kabati la nguo, anapita katikati ya makoti, na mara anakanyaga theluji: amefika nchi nyingine. Nchi hiyo imeshikwa na mchawi aliyejifanya malkia, naye ameitia baridi isiyokwisha, hata sikukuu ya Krismasi haifiki. Edmund, kaka yake Lucy, anawasaliti ndugu zake kwa ajili ya peremende za Kituruki na ahadi ya kufanywa mfalme. Kwa sheria ya nchi ile kila msaliti ni mali ya mchawi, naye hana budi kufa. Ndipo Aslan, simba mwenye nchi, anajitoa afe mahali pake. Anafungwa kamba, ananyolewa manyoya, anadhihakiwa, anauawa usiku juu ya meza ya jiwe, na wasichana wawili wanatazama kwa mbali na kulia. Kunapopambazuka meza imepasuka vipande viwili, na simba yu hai.

Je, ndugu, hicho ndicho kitabu cha uchawi?

Tulijibu neno hilo kwanza. Katika vijiji vyetu uchawi si neno la kuchekesha. Jamaa zimevunjika kwa ajili yake, na wazee wasio na hatia wamepigwa na kuuawa kwa kushukiwa tu. Kwa hiyo twamheshimu mtu aliogopaye neno hilo kuliko yule alichekaye. Walakini na aogope kwa akili. Kitabu hiki hakimfundishi mtoto kupiga ramli wala kuvaa hirizi. Kinamwonyesha mchawi alivyo: mzuri wa sura, mwenye maneno matamu, atoaye chakula kinachozidisha njaa badala ya kuishibisha, na mwisho wake ni kushindwa. Mtoto aliyemwona Edmund akila peremende zile, akataka nyingine, na nyingine tena, hata akawauza ndugu zake, huyo ameonywa kwa namna ambayo hataisahau. Na kama kumtaja mchawi ni uchawi, basi na tukate katika Biblia kurasa za yule mwanamke wa Endori, na za Simoni wa Samaria. Hakuna athubutuye.

Neno la pili ni uongo. Mwongo ni mtu atakaye nisadiki jambo lisilokuwa, ili nidanganyike. Msimulizi hataki hivyo. Yeye asema, "Paukwa," nasi twajibu, "Pakawa," na kila mtu aliyeketi pale ajua ni mlango gani uliofunguliwa. Nathani aliposimama mbele ya mfalme Daudi hakuanza kwa kutaja amri. Alimsimulia habari za tajiri na maskini na mwana-kondoo mmoja. Tajiri yule hakuwako mahali po pote, ila moyoni mwa mfalme, na hapo ndipo alipopatikana. Yothamu alisimulia habari za miti iliyokwenda kujitafutia mfalme. Ni nani aliyepata kusikia mti ukisema? Wala hatumwiti Yothamu mwongo. Na Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, hakueleza maana ya neno kama kamusi; alisimulia habari za mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko.

Na waliotuletea vitabu walijua hivyo. Edward Steere wa misheni ya UMCA, aliyekuwa baadaye askofu Unguja, alizikusanya hadithi kutoka vinywa vya wenyeji wa Unguja, akazipiga chapa London mwaka 1870. Imo ndani yake hadithi ya Sultani Darai, yenye paa asemaye kama mtu. Mtu huyo huyo ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kulifasiri Agano Jipya kwa Kiswahili. Mwaka 1940 Sheldon Press, wapiga chapa wa chama cha Kikristo cha SPCK, walitoa Elisi katika Nchi ya Ajabu, ambamo sungura hutazama saa yake na kukimbia kwa kuchelewa. Hao hawakuona ya kwamba Injili inaogopa paa wala sungura. Sisi tumepata wapi hofu hii?

Sasa tutazame vitabu hivi ni nini kwa watu wavisomao, na tuanze na mwandishi mwenyewe, maana naye alikuwa msomaji kwanza. Lewis alizaliwa Belfast, Ayalandi, mwaka 1898. Mama yake alishikwa na ugonjwa wa kansa. Mtoto alimwomba Mungu amponye, lakini mama alikufa mwaka 1908, na mtoto alikuwa na miaka 9 tu. Alipokuwa kijana aliacha kuamini. Alikwenda vitani Ufaransa, akajeruhiwa mwaka 1918. Nyuma yake akawa mwalimu katika chuo cha Oxford, mtu wa elimu nyingi asiye na Mungu. Je, ni mahubiri gani yaliyoanza kumgeuza? Alisema mwenyewe ya kwamba mwanzo wake ni hadithi. Mwaka 1916 alinunua katika kibanda cha vitabu cha stesheni ya treni kitabu cha George MacDonald, mhubiri wa Uskoti aliyeandika hadithi za ajabu. Na kitabu kile kiliigusa roho yake mahali ambapo hoja za watu hazikupata kufika. Hata mwaka 1931 alirudi kuwa Mkristo, baada ya kuzungumza usiku mrefu na rafiki zake wawili, na mmoja wao ni J. R. R. Tolkien, naye mwandishi wa hadithi. Jambo walilozungumza lilikuwa hadithi, na jinsi ziwezavyo kubeba kweli.

Mtu huyu alipokuwa mzee kidogo aliandika, katika kitabu kilichotoka mwaka 1955, habari za mtoto Digory ambaye mama yake yu karibu kufa. Digory anatumwa na Aslan kuleta tunda kutoka bustani ya mbali. Mchawi anamjia, anamwambia aibe tunda moja, akamponye mama yake. Enyi wazazi, fikirini jaribu hilo! Digory anakumbuka ahadi yake, anakataa, na moyo wake unapasuka. Lakini kabla ya safari ile, alipomwomba simba dawa ya mama yake, aliinua macho akaona machozi makubwa katika macho ya simba, hata akadhani simba ana huzuni kwa ajili ya mama yake kuliko yeye mwenyewe. Baadaye simba anampa tunda kwa hiari yake, na mama anapona.

Mama wa Lewis hakupona. Alijua vema kuliko wengi wetu ya kwamba si kila maombi hujibiwa hivyo. Basi yuko mtoto kijijini aliyefiwa na mama yake. Tumwambie nini? Tukimwambia ni mapenzi ya Mungu, tumesema neno la kweli, lakini yeye husikia ya kwamba Mungu ni baridi kama jiwe. Msomeeni habari za machozi ya simba. Hatajifunza sababu ya kifo, maana hata sisi hatuijui. Ila ataona ya kuwa Mwenye nguvu aweza kulia. Pengine ndipo atakaposikia kwa masikio mapya habari za Bwana wetu aliyelia kaburini pa Lazaro.

Kadhalika katika kitabu cha mwaka 1952 yumo Eustace, mtoto mchoyo na mwenye majivuno, aliyelala juu ya hazina na mawazo ya tamaa, akaamka amekuwa joka. Anajichuna ngozi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na chini yake kuna ngozi ya joka vile vile. Mwisho simba anamchuna kwa makucha yake. Yanaingia ndani sana na kuuma sana, kisha anamtupa majini, naye anatoka mtoto tena. Sisi waalimu tumefundisha mara ngapi ya kwamba mtu hawezi kujitakasa mwenyewe! Watoto huyakariri maneno hayo kama hesabu ya mara mbili. Lakini aliyesoma habari za ngozi ile ameisikia katika mwili wake. Hiyo ndiyo kazi ya hadithi njema: mtoto hupenda lililo jema kabla ya kuamriwa. Tukimpa amri peke yake, atakuwa mtu ajuaye yaliyo mema asiyapende.

Wako na wengine, rafiki wa vitabu hivi, ambao nao twawapinga. Hao huvisifu kwa kuwa ni mahubiri yaliyofichwa, na kila ukurasa humsimamisha mtoto wakamwuliza, "Simba ni nani? Meza ni mfano wa nini?" Waheshimiwa, mbegu haioti ikifukuliwa kila asubuhi kutazamwa. Lewis mwenyewe alieleza ya kwamba hakuanza na fundisho. Alianza na picha iliyokuwamo akilini mwake tangu alipokuwa na miaka kama 16, ya kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, mwenye mwavuli na vifurushi, akitembea katika mwitu wenye theluji. Simba alikuja baadaye. Mwacheni mtoto apite katika kabati kwanza. Akiwa na swali atauliza.

Maana huuliza. Mwaka 1955 mama mmoja wa Marekani alimwandikia Lewis barua. Mwanawe wa miaka 9 alihuzunika, kwa kuwa alijiona anampenda Aslan kuliko Yesu, akaogopa ni kuabudu sanamu. Lewis alijibu kwa upole ya kwamba mambo ayapendayo kwa Aslan ni yale yale aliyoyasema na kuyatenda Yesu. Basi alipodhani anampenda simba, kwa kweli alikuwa akimpenda Yesu, na pengine kuliko zamani. Hivyo ndivyo mwalimu amjibuvyo mtoto. Hakumnyang'anya kitabu.

Hatusemi vitabu hivi havina waa. Adui wa Narnia wametoka nchi ya Calormen, nao wameandikwa kuwa watu weusi wenye vilemba, wakatili na waabudu sanamu; na msomaji Mwafrika au Mwarabu huliona jambo hilo upesi na kuchomwa nalo. Ana haki. Lakini asome mpaka mwisho, aone ya kwamba Aravis, msichana wa Calormen, ni shujaa, akawa malkia; na ya kwamba Emeth, askari wa Calormen, anapokewa na Aslan kwa mikono miwili. Kosa la kitabu husahihishwa kwa kusoma pamoja na mtoto na kulitaja wazi.

Tena lipo jambo la ajabu. Mwaka 1998 Philip Pullman, mwandishi wa Kiingereza asiyeficha kwamba haamini, aliviandikia vitabu hivi maneno makali katika gazeti la Uingereza. Mtu asiye na dini alitambua mara moja kilichomo ndani, akakikataa. Na sisi wenye dini twakitupa bila kukifungua!

Basi, wazee wa kanisa, na wazazi, na waalimu wenzetu, twawasihi. Msihukumu kitabu kwa picha ya juu, wala kwa neno moja mlilosimuliwa na mtu ambaye naye hakukisoma. Someni kwanza, kisha semeni. Watoto walio na vitabu, someni pamoja nao jioni; wasio na vitabu, wasimulieni zile hadithi za bibi zetu, maana nazo zinakufa kwa kunyamaziwa. Wahenga walisema, Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mtoto amekwisha kuona mlango uko wazi. Msisimame kizingitini kumzuia.