Mazungumzo ya Juma: Mwindaji Mgeni na Bata Mzinga wa Mwitu



Juma lililopita nilipata barua kutoka kwa mzee mmoja, mkulima wa kahawa wa upande wa Meru. Mwanawe yuko Marekani akisoma katika chuo kimoja cha jimbo la Pennsylvania. Wenzake wa huko wamemwalika aende nao msituni mwezi wa tano, kuwinda bata mzinga wa mwitu. Mzee ameniandikia hivi: "Bwana Karani, kijana wangu hajapata kushika bunduki maisha yake. Babu yake alikuwa mtegaji hodari wa kanga, lakini ujuzi wake alizikwa nao. Je, nimwambie aende, au nimkataze? Na akienda, aanzie wapi?"

Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa barua yako. Mimi ni karani, wala si mwindaji. Lakini karani ana faida moja, kwamba amezoea kuzisoma kanuni mpaka mstari wa mwisho. Nimezisoma kanuni za huko pamoja na mashauri ya wawindaji wao. Nami nasema, kijana na aende, lakini asiende kabla ya kuyajua haya yafuatayo.

Yafaa kwanza tumjue ndege mwenyewe. Jina lake la Kiswahili laweza kutupoteza, maana si bata hata kidogo; ni jamaa ya kuku, kware na kanga. Hawa tunaowafuga ni wazao wa ndege wa mwitu wa Mexico, ambao Wahispania waliwavusha bahari mpaka Ulaya katika karne ya 16. Basi mtu aliyemzoea bata mzinga wa uani, mzito na mzembe, asidhani kwamba amekwisha kumjua ndugu yake wa msituni. Dume la mwitu hupata kilo 8 hata 10, na jike kama nusu yake. Walakini huruka kwa nguvu, hulala juu ya miti mirefu, na akikimbia hakuna binadamu awezaye kumfikia. Pua yake haina kazi kubwa. Lakini macho yake hubagua rangi, na kwa kuwa yamekaa ubavuni mwa kichwa, huona karibu pande zote bila kugeuka. Ukiinua mkono kujikuna shavu, amekwisha kukuona na kwenda zake.

Sasa nimwambie kijana mambo yake kwa utaratibu.

La kwanza ni karatasi. Sheria ya taifa la Marekani humkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama ile ya mwanafunzi, kushika bunduki au risasi, isipokuwa awe katika mafungu machache yaliyotajwa na sheria yenyewe. Fungu mojawapo ni la mtu mwenye leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Maana yake ni kwamba leseni hutangulia bunduki. Kijana asikubali kushika bunduki ya rafiki, hata kwa kujaribu tu nyuma ya nyumba, kabla leseni haijawa mfukoni mwake. Kosa hilo laweza kumtia gerezani, likamkatisha masomo na kumrudisha nyumbani mikono mitupu. Na mtu asiye na hati halali za kukaa katika nchi ile, kwake mlango huu umefungwa. Leseni ya kuwinda haimfungulii. Kijana akiwa na shaka lolote, na aende kwa ofisi ya chuo inayowaangalia wanafunzi wageni, aulize kabla ya kutenda.

Tena katika Pennsylvania mwindaji mpya hapewi leseni mpaka ahudhurie mafunzo na kufaulu mtihani. Asiyaone mafunzo hayo kuwa usumbufu. Humo atafundishwa kubeba bunduki, kuvuka ua akiwa nayo, na kuitoa risasi kabla ya kuingia motokaa; mambo madogo ambayo huwaua watu wakubwa.

La pili ni kulijua pori kabla ya siku yenyewe. Yafaa kijana aende bila bunduki, siku kadhaa mbele, na wenyeji wake, akiwa na ruhusa ya mwenye shamba. Atazame nyayo za vidole vitatu katika tope. Atazame majani makavu yaliyofukuliwa, kama kuku wafanyavyo chini ya mgomba. Atazame hata mavi: ya dume huwa marefu yenye kupinda mwishoni kama ndoana, na ya jike huwa yamejisokota. Jioni, giza linapoingia, asimame kimya asikilize mahali wanaporukia mitini kulala. Akiujua mti wao wa kulala, amepata nusu ya kazi.

La tatu ni kukaa na kuita. Majira ya uwindaji yanapoanza huko, madume wako katika wakati wa kutafuta majike. Alfajiri dume hupiga mlio mkubwa wa koo, unaosikika mbali, akiwaita majike wamwendee. Mwindaji yeye huigiza sauti ya jike, ili dume aje kwake. Kuna vyombo vya kuigizia sauti hiyo. Rahisi kwa mwanafunzi ni kisanduku cha mbao chenye kifuniko kilichopakwa chaki, ambacho hukisugua juu ya ukingo. Kuna pia kibao cha jiwe, mfano wa vile vya kuandikia vya shule za zamani, kinachosuguliwa kwa kijiti. Na kuna kipande cha mpira kinachowekwa juu ya ulimi. Hicho kina faida ya kuiacha mikono miwili huru, ila chahitaji mazoezi mengi.

Kijana afike kungali giza, aketi hatua mia moja au zaidi kutoka mti wa kulala, akiegemea mti mnene. Aite kidogo, kisha anyamaze. Wanafunzi wengi hukosa hapa: hupenda kusikia sauti ya chombo chao, wakaita bila kikomo, na dume akaingiwa na shaka. Wengine huinuka upesi. Dume huja mara nyingi kimya kabisa, kwa kuzunguka, baada ya mwindaji kukata tamaa. Kijana akisema moyoni, "leo hakuna kitu," na aketi nusu saa nyingine. Subira yavuta heri.

La nne ni risasi yenyewe. Huko hutumia bunduki ya marisau, na masafa ya kuaminika ni mita 35 au pungufu. Kabla ya majira kuanza, leseni ikiwa tayari, kijana aipige bunduki yake mbele ya karatasi kubwa kwa masafa hayo, aone marisau yanavyotawanyika. Shabaha ni kichwa na shingo. Akimpiga kifuani, manyoya na nyama nene huyazuia marisau, na ndege hukimbia na jeraha akafie kichakani, hasara kwa wote. Tena kanuni ya majira yale yaruhusu ndege mwenye ndevu peke yake, yaani mwenye kishungi cha manyoya magumu kifuani. Basi asipige mpaka amekiona kichwa, ameiona shingo, ameziona ndevu, na amekiona kilicho nyuma ya ndege.

Mzee wangu, sasa nimefika kwenye neno la tano, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hebu fikiri. Mwindaji amevaa nguo za rangi ya majani asionekane. Ameketi gizani. Anatoa sauti ya bata mzinga. Na upande wa pili wa kilima yuko mwindaji mwingine, naye amevaa hivyo hivyo, moyo wamwenda mbio, naye ameisikia sauti ile. Yeye hakuambiwa kwamba ni mtu. Je, hapo nani ni mwindaji na nani ni windo? Kwa njia hii watu wamepigwa risasi na rafiki zao, na ndugu kwa ndugu, kwa sababu mtu alipiga sauti badala ya kumpiga ndege, au alipiga kitu kilichotikisika akadhani ni dume.

Kwa hiyo Pennsylvania imeweka sheria kwamba katika majira hayo ndege huwindwa kwa kuitwa tu. Kumnyatia ni kosa. Kijana ayashike haya kama alivyozishika zile amri alizofundishwa utotoni. Asiifuate sauti ya ndege kwa kunyemelea kamwe. Kila sauti aisikiayo na aihesabu kuwa ni ya mtu, mpaka macho yake yamethibitisha. Asivae kitu chochote chekundu, cheupe au cha buluu, hata soksi au kitambaa cha mfukoni, kwa kuwa hizo ndizo rangi za kichwa cha dume. Mti anaouegemea uwe mpana kuliko mabega yake na mrefu kupita kichwa chake, umkinge nyuma. Akimwona mtu anakuja, asimpungie mkono wala asipige chombo chake, bali atulie na aseme kwa sauti kuu ya binadamu, "Simama!" Anapotembea, avae kitambaa cha rangi ya machungwa yenye kung'aa, na ndege aliyeuawa amfunike kwa kitambaa hicho, asije akabeba kifo chake begani. Ndege naye lazima afungwe karatasi ya leseni iliyojazwa kabla ya kuondolewa pale alipoanguka, na habari zake zipelekwe serikalini.

Najua shida ya mgeni. Mgeni aogopa kuchekwa. Wenyeji wake wakimwona ameliacha dume lipite kwa sababu hakuwa na hakika, huenda wakamtania. Na wamtanie. Utani wa asubuhi moja husahauliwa jioni, bali risasi ikishatoka ni kama maji yaliyomwagika, hayazoleki. Afadhali arudi miaka kumi bila ndege kuliko arudi siku moja na maiti ya mwenzake.

Akifika nyumbani ajikague mwili mzima, maana msitu ule una kupe wadogo sana, na jimbo hilo limejulikana kwa ugonjwa uitwao Lyme ambao kupe hao huuleta. Sisi wafugaji hatuhitaji kuambiwa mara mbili habari za kupe.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini kanuni nyingi hivi kwa ajili ya ndege? Jibu lina historia. Zamani bata mzinga wa mwitu walijaa misitu ya mashariki ya Marekani. Watu wakakata misitu, wakawinda bila kiasi wakiuza nyama sokoni, hata mwanzoni mwa karne ya 20 majimbo mengi hayakuwa na ndege huyo tena. Mwaka wa 1937 ikapitishwa sheria ya kuyaelekeza mapato ya ushuru wa bunduki na risasi katika kazi ya kuhifadhi wanyama. Walijaribu kwanza kufuga ndege na kuwaachilia msituni, lakini ndege wa kufugwa hakujua kuishi porini. Ndipo mwaka wa 1951, katika South Carolina, wakawanasa ndege wa mwitu wenyewe kwa wavu mkubwa unaorushwa na vimizinga. Bata mzinga akaokolewa kwa mzinga! Wakawahamisha mahali walipokwisha, wakawaachia wazae bila kuguswa. Leo wako katika majimbo yote isipokuwa Alaska. Hata hivyo katika majimbo mengine idadi imeanza tena kupungua miaka hii ya karibuni, nayo serikali za majimbo zimepunguza ruhusa za kuwinda. Kwa hiyo anayevunja kanuni hamwibii Mzungu mmoja. Auibia msitu mzima kazi ya miaka mingi.

Neno la mwisho ni kwa sisi tuliobaki nyumbani. Asitokee kijana wa hapa akayasoma mashauri haya, akachukua manati na mitego kwenda kuwatafuta kanga wa mtoni. Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, na sheria ya mwaka wa 2013 ina adhabu kali. Babu wa kijana wetu alitega katika siku zake. Siku hizo zimepita. Anayetaka kanga na awatazame, na anayetaka nyama ya bata mzinga na afuge, mbegu haikosekani.

Basi, mzee wangu, mwandikie mwanao. Mwambie baba yake hakumkataza. Mwambie achukue leseni kwanza, aketi kimya, na asipige asichokiona wazi. Wahenga walisema kanga hazai ugenini. Lakini kijana mwenye adabu hupata rafiki popote aendapo, na huenda kabla ya mwisho wa mwezi wa tano ukaletewa picha yake akiwa na ndege mwenye ndevu. Na kama picha itakuwa ya kijana peke yake, mikono mitupu, mzima wa afya, furahi vile vile.

Mpaka juma lijalo, wasalaam.