Skuta Hii Imeundwa Wapi?



Wiki chache zilizopita mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, alinijia baada ya sala ya alasiri, akaketi barazani asiseme neno. Mwanamke huyu ni mjane mwenye watoto wawili, na riziki yake huipata kwa mahamri, sambusa na mkate wa sinia anaopeleka kila asubuhi katika maofisi na maduka. Faida yake nyingi huishia kwa wenye tuktuk. Alipokwisha kunywa kahawa alifungua mkoba, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa mlikuwamo bangili zake nne za mahari.

"Mjomba," akasema, "nataka kuziuza ninunue skuta. Nami sijui ipi iliyo nzuri. Twende pamoja."

Nilinyamaza kitambo, kwani katika jambo hili mimi nina aibu yangu ya zamani. Miaka kumi iliyopita nilimnunulia mwanangu skuta kwa muuzaji mmoja ambaye kumtaja hakuna faida. Ilikuwa nzuri kwa macho: rangi ya maziwa, kiti cha kahawia, na ubavuni jina la Kiitaliano kwa herufi za kulala. Muuzaji akaniambia ni ya Italia, nami nikasadiki kwa sababu nilipenda kusadiki. Baada ya miezi minane mkanda wake ulikatika. Tulizunguka Mombasa nzima, tukaulizia Nairobi, tukamwomba jamaa aliyekuwa akisafiri Dubai atutafutie. Kila tulipotaja lile jina watu walitikisa kichwa. Skuta ile ingali uani kwangu, na kuku wa jirani ametaga chini yake si mara moja wala mbili.

(Swali la iwapo mwanamke apande skuta au asipande nililijibu katika safu hii zamani, wala sikusudii kulirudia. Leo nasema na yule aliyekwisha kuamua kununua.)

Tuanze na asili ya kitu chenyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, katika mji wa Pontedera nchini Italia, kampuni ya Piaggio ilikuwa imebaki na kiwanda kilichobomolewa kwa mabomu na mafundi wa ndege wasio na ndege za kuunda. Mwenye kampuni, Enrico Piaggio, alimpa kazi mhandisi Corradino D'Ascanio, mtu aliyejulikana kwa kubuni helikopta, na ambaye, ajabu yake, hakuzipenda pikipiki hata kidogo. Basi akabuni chombo cha mtu asiyependa pikipiki. Injini akaifunika huko nyuma ili isimchafue mpandaji. Gia akazileta mkononi. Gurudumu la mbele akalishikiza kwa upande mmoja tu, kama yalivyo magurudumu ya ndege, lipate kung'olewa kwa wepesi. Mbele akaweka ngao ya bati ya kukinga matope, na katikati akaacha uwazi ili mtu apitishe miguu bila ya kuiinua. Hataza yake iliwekwa mwezi wa Aprili 1946. Inasimuliwa kwamba Piaggio alipoiona akaifananisha na nyigu, na nyigu kwa Kiitaliano ni vespa. Wazee wetu hapa Mombasa waliiita kila skuta vespa, hata isiyokuwa na nasaba yoyote na ile ya Pontedera.

Ule uwazi wa katikati ndio unaowahusu mama na dada zetu. Mwenye buibui hupanda pikipiki ya kawaida kwa taabu, na mnyororo wake uko wazi, tayari kukamata kila kinachoning'inia. Skuta haina mnyororo ulio wazi, na magoti hukaa pamoja kama mtu aliyeketi kitini. Walakini gurudumu la nyuma halifunikwi lote. Pindo la abaya likipeperuka laweza kuingia humo na kumwangusha mtu kwa ghafla. Vaa suruali ndani, kunja pindo ulikalie, na mtandio uuchomeke usiachwe ukipepea.

Nirudi kwenye viwanda. Skuta haikukaa Italia. India ilianza kuunda Vespa kwa leseni katika miaka ya 1960 kupitia kampuni ya Bajaj, na leseni ilipokwisha Bajaj wakaendelea na yao, wakaiita Chetak kwa jina la farasi wa mfalme Maharana Pratap. Watu huko walingoja miaka kuipata. Lambretta, mshindani wa Vespa kutoka Milan, kiwanda chake kilipofungwa mitambo iliuzwa ikapelekwa Lucknow, India hiyohiyo. Kisha Honda ya Japani ikafungua kiwanda Manesar karibu na Delhi, na mwaka 2001 ikatoa Activa, skuta isiyo na gia ambayo imeenea India kuliko zote. Honda wana kiwanda kingine Gujarat, pwani ileile ambayo majahazi yake yalikuwa yakishusha nguo katika bandari zetu kwa msimu wa kaskazi. TVS huunda zao Hosur, kusini mwa India. Taiwan wako Kymco na SYM, ambao wote wawili walijifunza kazi kwa kuwaundia Honda. Ama Uchina, viwanda ni vingi mno, na vingi vyao huunda skuta moja na kuibandika majina kumi kwa matakwa ya mwagizaji.

Sasa je, anayenunua Vespa leo amenunua kitu cha Italia? Si lazima. Piaggio huziunda Pontedera, lakini pia Vinh Phuc nchini Vietnam tangu 2009, na Baramati nchini India tangu 2012. Zote ni Vespa za halali. Jina la ubavuni ni la mwenye chapa, nalo peke yake halikwambii chombo kimetoka wapi. Kinachokwambia ni namba ya chesisi.

Namba hii ina tarakimu na herufi 17, nayo hupigwa katika chuma cha fremu, aghalabu chini ya kiti au chini ya sakafu ya kuwekea miguu. Herufi za mwanzo hutaja nchi. Ikianza na Z aghalabu ni Italia. J ni Japani. L ni Uchina. Ikianza na M ikafuatwa na herufi kati ya A na E ni India. RF ni Taiwan, RL ni Vietnam. Namba hiyo lazima ilingane na iliyoandikwa katika logibuku. Isipolingana, au ikiwa imekwaruzwa, ondoka dukani.

Nikaenda na mpwa wangu. Duka la kwanza tulionyeshwa skuta nyekundu ya kupendeza. Kijana akasema, "Hii ni ya Ulaya, sheikh." Nikavaa miwani, nikapiga magoti juu ya saruji, nikasoma: L. Nilimwonyesha. Akasema yeye ameambiwa na tajiri wake, na huenda ni kweli. Lakini tajiri yule najua amelisikia tukio la Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alipotia mkono ndani ya fungu la nafaka sokoni akakuta chini ni mbichi na juu ni kavu, akamkemea mwenye mali kwa kuificha. Kuuza kitu cha Uchina si kosa. Viko vizuri vya Uchina. Kosa ni kumwambia mjane mwenye bangili nne kwamba ni cha Ulaya ili bei ipande.

Duka la pili walikuwa na mbili za India, mojawapo ya sisi 110 na nyingine 125. Hapo nilimtaka mpwa wangu afanye mambo ambayo mimi sikuyafanya miaka kumi nyuma. Akae juu yake, nyayo zote mbili zifike chini. Aitoe katika stendi mwenyewe na kuirudisha, bila ya kijana kumsaidia. Skuta hizi huwa na uzito wa kilo 100 na zaidi, na anayeshindwa kuisukuma dukani kwenye sakafu laini hatoweza kuipandisha mteremko wa kivuko cha Likoni ilhali watu wanamhimiza nyuma. Ya sisi 125 ilimlemea. Ya 110 aliimudu.

Akauliza kwa nini asichukue ya sisi 50 iliyo rahisi zaidi. Kwa mtu peke yake barabara ya tambarare, sawa. Kwa mwenye sanduku la mahamri na mtoto wa kupeleka madrasa itakuwa ikipumua kama mgonjwa kila kilima.

Magurudumu nayo yanataka kutazamwa. Ya skuta ni madogo, mengi yakiwa ya inchi 10 au 12, na shimo ambalo pikipiki ya bodaboda hulivuka bila kujali huweza kuitupa skuta. Kwa barabara zetu za mitaani, lenye kipenyo kikubwa ni bora. Breki: India tangu Aprili 2019 imelazimisha skuta mpya ndogo ziwe na breki zilizounganishwa, ukibana moja zote mbili zinashika, na kwa anayeanza kujifunza hili ni jambo la kuokoa roho. Bodi la bati ni imara, lakini sisi tunakaa na chumvi ya bahari. Ukinunua la bati, jua kila wiki utaliosha kwa maji baridi, na kwa iliyokwisha tumika lala chini uitazame sakafu yake kwa kurunzi kabla ya kutazama rangi.

Kabla ya kulipa tulitoka tukaenda kwa fundi. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Fundi wa bodaboda anaijua gia na mnyororo, na skuta nyingi za leo hazina hivyo: zina mkanda wa mpira unaozunguka puli mbili, zikipanuka na kufinyika zenyewe kadiri ya mwendo. Mkanda huo huliwa, na siku moja utabadilishwa tu. Basi nenda na jina la skuta na mwaka wake, umuulize fundi: umewahi kuifungua hii? Mkanda wake unapatikana duka gani? Bei yake leo? Akitaja duka, nenda ukaone kwa macho. Tulikwenda, ukawapo, na padi za breki zikawapo.

Malipo. Thamani ya bangili tatu ilikaribia bei lakini haikufika, na muuzaji akatuelekeza kwa wakopeshaji ambao deni lao huongezeka kila siku inayochelewa. Hiyo ni riba, wala jina jingine haliibadilishi. Kuuziwa kwa awamu kwa bei moja iliyojulikana tangu siku ya mkataba, hata kama ni zaidi ya taslimu, wanachuoni wengi wameruhusu, maadamu haizidi tena. Muuzaji hakutaka njia hiyo. Mpwa wangu akasubiri zamu yake katika mchezo wa wanawake wa mtaa, mwisho wa mwezi, akalipa taslimu. Bangili ya nne imerudi kitambaani. Akahamishiwa umiliki kwa jina lake mwenyewe, si langu wala la kaka yake, akachukua bima na kofia ngumu, na sasa anajifunza kwa ajili ya leseni ya daraja la A. Asubuhi bado anapanda tuktuk mpaka aipate.

Imebaki ile yangu ya uani. Fundi huyo alipoleta skuta ya mpwa wangu nyumbani aliiona, akamfukuza kuku, akapangusa injini kwa kitambaa. Palipigwa muhuri: 152QMI. Akacheka. Akanieleza kwamba hiyo ni injini ya jamii ya GY6, ya sisi 125, yenye asili ya usanifu wa Honda, ambayo Kymco waliiunda Taiwan na viwanda vya Uchina vikainakili bila idadi. Mkanda wake hautafutwi kwa jina la ubavuni, hutafutwa kwa vipimo vilivyoandikwa juu ya mkanda wenyewe. Tukaufukua ule uliokatika, namba zikasomeka. Nilikwenda kusoma chesisi: herufi ya kwanza ilikuwa L, na imekuwa hapo miaka yote kumi, nami nikiulizia Dubai spea za Italia.

Mkanda ameupata katika duka la pili aliloingia. Anasema kabureta na tairi zitataka pesa zaidi, nami nimemwambia aniandikie hesabu. Jirani ameahidi kumjengea kuku banda.