Barafu ya Mlima Kenya yatoweka, msitu ndio ngao yetu

KILA mwaka watalii wenye uwezo hupanda meli kuingia katika ghuba nyembamba za Norway na Alaska, ili kujionea barafu ya kale. Mkazi wa Kyumbi, pale njia ya Machakos inapoachana na barabara kuu ya Mombasa, hahitaji meli. Barafu ya nchi yake iko Mlima Kenya, nayo inatoweka.

Ni kutoka Ukambani, huko Kitui, ambako mmishonari Johann Ludwig Krapf aliuona mlima huo Desemba 1849. Wasomi wa Ulaya walimbeza, wakidai theluji haiwezi kudumu kwenye Ikweta. Walikosea, lakini dhihaka yao sasa inaelekea kutimia. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kuwa barafu yote ya mlima huo huenda ikaisha katika miaka ya 2030.

Afrika hutoa chini ya asilimia 4 ya gesi zinazoongeza joto duniani. Tuna haki ya kuyadai mataifa tajiri fidia. Hata hivyo, madai pekee hayatajaza mitungi. Maji ya Mto Tana yanayoingia bwawa la Masinga, mpakani mwa Machakos na Embu, hutokana zaidi na mvua inayohifadhiwa na misitu ya Mlima Kenya na Aberdare kuliko barafu.

Barafu hatuwezi kuiokoa peke yetu. Msitu tunaweza, na anayefumbia macho shoka huko mlimani anamnyima maji mkulima wa Machakos.