Mficha kipindupindu huugharimu mtaa mzima

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walikuwa wakimsema mgonjwa na ugonjwa wake. Lakini maradhi yakiwa ni kipindupindu, anayeumbuka si mmoja. Huenda wakaumbuka pia jirani wanaotumia choo kimoja naye, watoto wanaocheza mbele ya mlango wake na mteja aliyekula chakula alichokiandaa.

Ndugu msomaji, tunajua ni kwa nini watu huficha. Kwanza ni aibu. Kuhara na kutapika huonekana kuwa maradhi ya uchafu na umaskini. Pili ni hofu: mama anayeuza chapati na maharagwe huwaza kwamba kibanda chake kitafungwa, naye mwenye ploti huhofia kuwa wapangaji watahama. Basi mgonjwa hufungiwa ndani, hununuliwa vidonge dukani, na majirani huambiwa amekula kitu kibaya.

Hiyo aibu haina msingi. Mwaka wa 2017 kipindupindu kiliwapata watu waliohudhuria kongamano katika hoteli ya kifahari hapa Nairobi. Oktoba 2022 kilizuka Limuru, Kaunti ya Kiambu, miongoni mwa waliohudhuria harusi. Kutoka hapo kilienea katika kaunti nyingi, na kufikia katikati ya 2023 watu zaidi ya 10,000 walikuwa wameugua. Karibu 200 walifariki. Viini vyake huingia mwilini kupitia maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na havimwulizi mtu anaishi mtaa gani.

Dalili zinaweza kuanza baada ya saa chache tu, au hata siku tano, tangu mtu ameze viini hivyo. Mgonjwa aliyezidiwa huhara maji matupu yanayofanana na maji yaliyooshewa mchele. Asipotibiwa, anaweza kufa kwa saa chache kwa kuishiwa na maji mwilini. Akitibiwa mapema, karibu wote hupona. Wapo pia wanaobeba viini bila kuugua, na hao huvieneza kwa siku kadhaa wasijue. Ndiyo sababu mgonjwa mmoja akijulikana, maafisa wa afya hawangoji wa pili.

Hufanya nini wakipata habari? Kwanza huchukua choo cha mgonjwa kikapimwe. Kisha huuliza: siku tano zilizopita ulikula wapi? Maji mliyateka wapi? Ulihudhuria sherehe au matanga? Huwatembelea jirani, hupima maji na kutia dawa mahali palipochafuliwa. Maswali hayo si upelelezi wa polisi. Ni njia ya kukifikia chanzo kabla hakijamfikia mwingine.

Njia hiyo ni ya kale. Mwaka wa 1854, kipindupindu kilipoua mamia ya watu kwa siku chache katika mtaa wa Soho jijini London, daktari John Snow alipita nyumba kwa nyumba akiuliza kila familia ilikunywa maji ya wapi. Vifo vingi vilizunguka bomba moja la maji. Mpini wa bomba hilo uling'olewa. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba ugonjwa huo uliletwa na hewa mbaya. Hata hivyo, majibu ya familia zile yalitosha kuonyesha bomba la kufungwa.

Wengi wetu hudhani kuwa kutoa habari ni kazi ya daktari peke yake. Sivyo. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242 ya sheria za Kenya, humtaka mkuu wa familia ampashe habari afisa wa afya aliye karibu mara tu anapojua kuwa nyumbani mwake mna ugonjwa wa aina hii. Yeye asipofanya hivyo, wajibu huwa wa jamaa walio na mgonjwa. Siku hizi habari hizo zinaweza kuanza kwa mhudumu wa afya wa mtaani, yule anayepita nyumba hadi nyumba.

Mgonjwa akianza kuhara maji maji, mpe cha kunywa papo hapo. Ukikosa pakiti za zahanati, chukua lita moja ya maji safi, utie sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha na chumvi nusu kijiko kidogo, ukoroge. Mnyweshe kidogo kidogo mkiwa njiani kuelekea hospitalini. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni kila mara na asiandae chakula cha wengine. Mgonjwa akifariki, maiti isioshwe nyumbani kabla ya kuwaita maafisa wa afya, kwani bado inaambukiza.

Sisi wengine tuchemshe maji au tuyatie dawa ya klorini, hasa yale ya mkokoteni ambayo hatujui yalitekwa wapi. Tule chakula kikiwa moto.

Kibanda kilichofungwa kitafunguliwa tena baada ya kusafishwa. Kaburi halifunguliwi. Basi ukiona dalili hizi nyumbani au kwa jirani, sema leo.