Kumfariji mwanafunzi ni sehemu ya kufundisha

Wazazi wengi wa Kitengela hutoka nyumbani alfajiri kuwahi viwanda vya Athi River au kazi za Nairobi, na kurudi watoto wakiwa wamelala. Kwingineko Kajiado, ukame uliodumu tangu mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023 uliua mifugo na kuzitawanya familia zikisaka malisho. Mtoto wa nyumba kama hizi akiangua kilio katikati ya hesabu, mtu mzima aliye karibu naye ni mwalimu. Kumwita kwa jina, kumshika bega, kumuuliza kama amekula, hayo yote ni kazi ya ualimu, kwa maana mtoto aliyejaa hofu hashiki somo.

Wapo wanaolalamika kwamba watoto wamedekezwa tangu kiboko kipigwe marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, marufuku iliyotiwa nguvu na Katiba ya 2010 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Lakini upole na nidhamu havigombani. Mwalimu anayempangusa mtoto machozi asubuhi anaweza kumdai kazi ya ziada mchana, na mtoto ataifanya akijua anatakiwa mema. Ushahidi upo hapa hapa Kajiado. Shule ya wasichana ya kanisa la AIC, hasa chini ya uongozi wa Priscilla Nangurai, iliwapokea wasichana waliokimbia ukeketaji na ndoa za mapema. Msichana aliyetoroka kwao usiku hawezi kukabidhiwa daftari kabla ya kuhakikishiwa kwamba yuko salama. Alipokelewa kwanza, kisha akasomeshwa.

Hoja nzito zaidi dhidi ya faraja hii ni ya usalama. Kuna walimu waliojificha nyuma ya mapenzi ya mzazi wakawadhulumu watoto, na ndiyo sababu Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inamtia jela miaka isiyopungua kumi mwalimu anayetumia cheo chake kumrubuni mwanafunzi. Sheria hiyo isilegezwe hata kidogo. Hata hivyo, dhuluma hutafuta siri, nayo faraja ya kweli haiogopi macho ya watu. Mwalimu amfariji mtoto mbele ya wenzake au mlango ukiwa wazi, asimguse mtoto asiyetaka kuguswa, asimwite nyumbani kwake, na jambo likimzidi alipeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha na kwa mzazi.

Ni kweli pia kwamba madarasa yamefurika, na mwalimu mmoja hawezi kukaa na kila mtoto. Neno moja la upole, hata hivyo, halimalizi kipindi. Tume ya Huduma za Walimu iandike mwongozo ulio wazi kuhusu faraja inayoruhusiwa, walimu wakuu wawatetee wanaoufuata, nasi wazazi tuache kumwona mwalimu mpole kuwa dhaifu.