Maji Yetu Wakiyachepusha, Taa Nasi Tuzione



Wako wanaotuambia kwamba banio dogo la umeme halina deni kwa mtu. Husema: mitambo hainywi maji. Huchepushwa mtoni, hupita mferejini, huporomoka bombani, huzungusha mashine, kisha hurudi mtoni yote. Basi mwanakijiji analalamika nini?

Sisi tunawauliza: yanarudi wapi? Yanarudi chini, penye nyumba ya mitambo. Kati ya banio na nyumba hiyo, kiangazi kikikaza, mto hubaki mawe. Na hapo ndipo mama anapochota na ng'ombe anaponyweshwa. Mtu wa hapo ndiye mlipaji, na taa humwakia mwingine.

Jambo hili si geni kwetu. Maji ya Kilimanjaro na Meru huingia mto Pangani. Kampuni ya TANESCO iliundwa mwaka 1931, na katika miaka hiyo ya 1930 mitambo ikajengwa kwenye maporomoko ya mto huo ili kuhudumia mashamba ya mkonge ya Tanga. Mashine za mkonge zikapata umeme. Kambi za manamba zikabaki na vibatari.

Huo ulikuwa ukoloni. Leo sheria ni yetu. Sheria ya maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya nyumbani, kisha maji ya kuulinda mto wenyewe. Umeme huja nyuma. Na kule Mufindi, mtambo wa Mwenga wa megawati 4, ulioanza mwaka 2012, unavipa umeme vijiji pia. Asituambie mtu kwamba haiwezekani!

Madai yetu ni matatu. Kwanza, kiasi cha maji ya kubaki mtoni kiandikwe katika kibali, na alama yake ichorwe kwenye banio, hata mtoto aione. Pili, vijiji vinavyopitiwa na mfereji vipate umeme siku mitambo inapowashwa, tena majumbani, si nguzo kuishia ofisi ya kijiji. Tatu, mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji kabla zege halijamwagwa.

Hatupingi umeme, tunautaka. Tunapinga kugeuzwa walinzi wa bomba la wengine. Ndugu mwanachama, wapimaji wakifika mtoni kwako, wakumbushe wenzako tawini madai haya. Pasipo na hayo matatu, mkutano usipige muhuri.

Umoja ni nguvu!