Ledbetter Alichelewa Wapi?

Mwaka 1959 Ruth Bader Ginsburg alihitimu sheria Columbia akiwa kileleni mwa darasa. Hakuna ofisi ya mawakili New York iliyomwajiri. Aliujua, basi, ubaguzi usioandikwa popote. Mwaka 2007 majaji wenzake watano wa Mahakama ya Juu ya Marekani walimwambia Lilly Ledbetter, aliyepunjwa mshahara kwa miaka, kwamba alipaswa kulalamika ndani ya siku 180. Angelalamikiaje alichofichwa? Ginsburg alisoma hukumu yake kinzani kwa sauti, akalitaka Bunge lirekebishe. Sheria ikabadilika 2009.

Kwetu Tanzania, kanuni za 2007 zataka madai kama hayo yafike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Kuongezewa muda ni hiari ya Tume. Wanaojivunia sheria yetu ya kazi watujibu: siku hizo zahesabiwa tangu lini, ilhali mshahara wa mwenzako ni siri ya mwajiri?